Kumzoea Bupe

Jumatatu, 4 Juni 1956. Mlandege, Iringa.

Nimefagia uwanja kabla hawajaamka. Ulishafagiwa jana jioni, lakini nimefagia. Sina kazi nyingine hapa. Lugano hataki nipike, hataki nichote maji. Anasema, dada, daktari alisema upumzike. Nimepumzika miaka saba kwenye kitanda cha misheni nikiangalia dirisha lile lile. Kupumzika kumenichosha.

Bupe akatoka na ndoo. Akapiga goti. Shikamoo, mama mkubwa. Nikamwuliza amelala salama. Salama. Anakwenda shule leo? Ndiyo. Anaipenda shule? Ndiyo. Akasubiri kidogo aone kama nina swali lingine, kisha akaenda zake kuchota maji.

Mtoto ana adabu sana. Adabu hiyo ndiyo inayonichoma. Mtoto kwa mama yake hupita mbio na kuuliza chakula kiko wapi. Goti ni la wageni.

Jirani kapita nje ya ua. "Kamwene, Mama Bupe!" Nikainua kichwa kuitikia. Kumbe anamsalimu mdogo wangu.

Jumanne, 5 Juni.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya.

Bupe nimemzaa mimi. Baba yake alifia migodini Rodeshia, mtoto hajaanza kutembea. Kisha kifua kikanishika. Nilipopelekwa misheni, daktari alimwambia Lugano sitarudi. Bupe alikuwa na miaka mitatu. Lugano akamchukua, akaja naye huku kwa mumewe. Akamlisha, akamvusha surua, akampeleka shule. Mtoto akaanza kumwita Mama. Nani angemkataza?

Halafu zikaja sindano mpya, na mimi sikufa. Hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa hilo. Hata mimi.

Bupe haambiwi kitu. Anajua nimekuja, dada yake mama, nilikuwa mgonjwa. Basi. Lugano amenishika mikono yote miwili. "Dada, mzoee kwanza. Akikuzoea, maneno yatakuwa mepesi." Nimekubali. Ningefanya nini? Yeye mwenyewe hana mwingine. Mimba zake zote ziliharibika. Mtoto wa nyumba hii ni Bupe peke yake.

Alhamisi, 7 Juni.

Nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo kabla ya kuugua. Darasa zima nililiweka mkononi. Leo nashindwa na mmoja.

Jana: Unasoma nini siku hizi? Hesabu. Na nini? Na kusoma. Mwalimu wako ni mkali? Hapana.
Leo: Chakula gani unakipenda? Chochote. Rafiki yako nani? Wote.

Anajibu kama mtu aliyeitwa barazani. Lugano alikuwa anachambua maharage, akanicheka bila ubaya. "Dada, unamhoji kama karani wa boma." Nimeona aibu. Ni kweli. Kila swali langu lina mlango mmoja tu, na mtoto anautumia huo huo kutokea.

Nilikohoa kidogo, vumbi tu. Bupe akasogea nyuma hatua. Hakukusudia. Mwili wake umefundishwa.

Jumapili, 10 Juni.

Kanisani. Bupe alikaa kati ya Lugano na Yakobo, nami mwisho wa benchi. Yakobo, mume wa Lugano, ni mtu mpole, fundi seremala, mikono yake ina gundi hata Jumapili. Bupe alisinzia, kichwa kikamwangukia Yakobo begani. Yakobo aliacha bega palepale mpaka mahubiri yakaisha.

Ningependa kumchukia mtu. Hakuna wa kumchukia katika nyumba hii.

Baada ya ibada nilijaribu na peremende. Nilimpa, akaipokea kwa mikono miwili, ahsante mama mkubwa. Akampelekea Lugano aimege kwa meno, wagawane.

Jumamosi, 16 Juni.

Limetokea jambo.

Nilikuwa nimekaa kizingitini, sina la kufanya. Kando ya mlango kuna kishimo ambacho wasichana huchezea mdako. Nikaokota kokoto, nikaanza kucheza peke yangu. Unarusha moja juu, unazoa nyingine kutoka kishimoni, unaidaka ile kabla haijaanguka. Nikiwa msichana kwetu Rungwe hakuna aliyenishinda. Sasa vidole vimelegea. Kokoto ikinipita, inanigonga goti. Nikasahau kuwa kuna mtu duniani. Nikawa nagombana na kokoto, kwa Kinyakyusa, maneno ambayo si ya kanisani.

Kivuli kikasimama. Sikuinua kichwa.

"Mama mkubwa, unarusha juu mno."

Yeye ndiye aliyeanza. Sikumwuliza kitu! Nikasema tu, basi nionyeshe. Akachuchumaa. Kidogo akanisahihisha kiwiko, kwa mkono wake, kwenye mkono wangu. Nikashindwa tena, akacheka. Ana pengo upande. Sikulijua pengo hilo.

Tumecheza mpaka Lugano akaita chakula. Sikumbuki tuliongea nini. Hatukuongea kitu. Lakini tuliongea.

Jumatano, 20 Juni.

Siulizi tena. Namwambia vitu vyangu vidogo, kisha nanyamaza. Kwamba naogopa kuku. Kwamba nilipokuwa mdogo nilianguka kwenye pipa la pombe la babu. Naacha yaning'inie. Akitaka anachukua, asipotaka anaacha.

Leo alichukua la pipa. "Ulilewa?" Nikamwambia nililala mpaka kesho yake na mama alinichapa nikiwa usingizini, sikusikia. Akacheka hadi akaweka ndoo chini.

Nimegundua pia: asitazamwe usoni. Mikono iwe na kazi. Tukiosha vyombo, tukichambua mboga, maneno yanatoka yenyewe kama yanatoka kwa mtu mwingine.

Na nisimsifu. Nikimsifu ananyamaza.

Jumapili, 24 Juni. Kalenga.

Tumekuja wote kumsaidia mama yake Yakobo kuvuna. Shule zimefungwa. Mahindi yamejaa kihenge na mengine yako uani, tunapukuchua mchana kutwa. Vidole gumba vinawaka moto.

Bibi huyu hajui Kiswahili, nami sijui Kihehe. Kwa hiyo Bupe amekuwa mkalimani. Anakaa kati yetu na gunzi mkononi. Bibi anasema sentensi ndefu, Bupe ananiambia, "Anasema wewe ni mwembamba." Nasema, yote yale ndiyo hayo? "Ameeleza wembamba wenyewe."

Kwa mara ya kwanza mimi ndiye ninayemhitaji yeye. Amekua ghafla. Ananifundisha majina ya vitu kwa Kihehe: gunzi, ungo, mvua ya upepo. Nikikosea ananirudisha mwanzo. Akifundisha ana uso wangu mwenyewe. Nililiona jambo hilo nikainama kuokota punje ambazo hazikuanguka.

Jioni kabla ya jua kuzama tulikaa juu ya magunzi. Akaniuliza kuhusu hospitali. Huko watu walikufa? Nikasema ndiyo, wengi. Uliogopa? Ndiyo. Uliogopa nini? Ningeweza kusema, kukuacha wewe. Nikasema niliogopa kusahauliwa. Akafikiri. Akaniambia huko kwao kuna msichana aliyekufa kwa homa na yeye bado anamkumbuka, kwa hiyo nisiogope.

Sikumficha kifo. Nadhani hilo limemfanya akae karibu zaidi. Mtoto anajua mtu mzima anapomzungusha.

Na mimi namzungusha. Kila siku.

Jumatano, 27 Juni. Mlandege.

Bupe anataka kuendesha lori akikua. Si gari dogo. Lori, la magogo, kutoka Sao Hill. Yakobo amemwambia wanawake hawaendeshi malori, naye amemwambia Yakobo atamwajiri awe msaidizi wake. Ameniambia haya yote bila kupumua, tukiwa njiani kuteka maji. Mimi nitapanda bure. Ameshanipangia kiti, katikati, kwa sababu mlangoni kuna upepo na mimi nina kifua.

Hasogei nyuma tena nikikohoa. Anasema pole.

Nina furaha, na furaha hii inanitia hofu. Lugano ananitazama tukicheka. Anatabasamu kwa mdomo tu.

Jumapili, 1 Julai.

Baada ya kanisa Bupe alinipeleka Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji. Nilipanda polepole, nikipumzika kila mara, naye akinisubiri bila kunionyesha kuwa ananisubiri. Juu kule mji wote uko chini, mabati ya Wahindi yanang'aa. Akanieleza maana ya jina lake ni jiwe linaloongea. Nikamwuliza umewahi kulisikia? Akasema hapana, lazima unyamaze sana, na yeye hawezi.

Tukanyamaza. Kweli hakuweza.

"Mama mkubwa, wewe una watoto?"

Upepo ulikuwa mkali, ningeweza kujifanya sikusikia. Nikasema ninaye mmoja.

"Yuko wapi?"

Nikasema analelewa. Ni msichana kama wewe.

"Anakukumbuka?"

Nikasema nadhani hapana, alikuwa mdogo. Akakunja uso, akanionea huruma. Akanishika mkono. Akasema, "Ukienda kwake usimwulize maswali mengi kama ulivyoniuliza mimi. Cheza naye mdako."

Tulishuka tumeshikana mikono. Sijui nilifikaje chini. Nimemwambia Lugano imetosha. Tumwambie. Lugano akasema, wiki hii iishe kwanza. Akaenda kupika, akaunguza mboga.

Alhamisi, 5 Julai.

Mjomba wetu ametuma ujumbe kwa mtu anayetoka Tukuyu. Wazee wamekaa. Mama amepona, mtoto amfuate mama. Yakobo amesikiliza mpaka mwisho, ameitikia kwa kichwa. "Shemeji, mtoto ni wako. Sisi tulishikilia tu." Kisha akatoka akapiga randa ubao ambao ulikuwa umeshalainika.

Mbeya nimeshatafutiwa chumba karibu na soko, na kazi ya kushona kwenye duka la Bwana Kanji. Darasani hawanitaki tena, wazazi wanaogopa kifua changu. Sawa. Wananisubiri katikati ya mwezi.

Ninamtaka mtoto wangu. Niliandike hivyo hivyo. Namtaka. Nilizimeza dawa zile kwa ajili yake. Sindano zile zilizoniziba sikio moja, kwa ajili yake.

Jumapili, 8 Julai.

Tumemwambia.

Lugano alimkalisha kwenye mkeka. Alianza vizuri. Akasema unajua kuwa mtoto huja kwa tumbo. Kisha akashindwa, akalia kwa sauti kama msibani. Ikabidi nimalizie mimi. Nikasema Bupe, mimi ndiye niliyekuzaa. Nilikuwa naumwa. Mama Lugano alikulea kwa sababu nilikuwa naumwa.

Hakulia. Alimtazama Lugano, akamtazama Yakobo, akanitazama mimi.  Nilidhani ataniuliza kwa nini nilimwacha. Jibu la hilo nilikuwa nalo, nimelikariri miaka yote. Hakuuliza hilo.

"Kule Gangilonga ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

"Na siku ya mdako?"

Ndiyo.

"Kwa hiyo ulikuwa unacheza na mimi ili nikuzoee."

 Nilitaka kusema kokoto zile nilikuwa nazicheza kwa upweke wangu, sikukupangia mtego. Ni kweli. Lakini pia si kweli. Siku zote nilikuwa navizia. Mtoto amesema sawasawa.

Alisimama, akapanga vikombe. Alipopita mbele yangu akapiga goti kidogo.

Jumatano, 11 Julai.

Haongei nami. Si kwa kiburi. Ananisalimu asubuhi, ananiitikia. Ndiyo. Hapana. Salama. Tumerudi pale pale tulipoanza, tena nyuma zaidi, maana siku zile alikuwa hanijui tu.

Kishimo cha mdako kimefukiwa. Sikuuliza nani.

Lugano anamfulia nguo zake zote, hata zilizo safi. Amemkatia gauni jipya kutoka kwenye kanga yake. Hatuongei sana mimi na mdogo wangu. Tukianza, mmoja wetu anakumbuka kazi.

Jumamosi, 14 Julai. Njiani, Makumbako.

Basi limesimama, dereva anatia maji. Baridi. Bupe yupo dirishani, kanga ya Lugano amejifunika mpaka puani. Anainusa. Anadhani sioni.

Asubuhi Lugano alifika nasi mpaka mlango wa basi. Hakupanda hata ngazi kumweka. Alisema tu, "Umsikilize mama." Bupe akamjibu, "Ndiyo, Mama." Neno moja kwa watu wawili. Yakobo alipachika boksi la Bupe juu ya basi mwenyewe, alilitengeneza kwa mninga, lina kitasa. Akakagua kamba zaidi ya ilivyohitaji kukaguliwa.

Barabarani lilitupita lori la magogo. Nilimwona macho yanalifuata.  

Jumatatu, 16 Julai. Mbeya.

Ukungu umelala juu ya mlima Loleza tangu asubuhi. Nimempikia ndizi za maziwa, chakula cha kwetu. Amekula kidogo, akasema ahsante. Amefagia chumba. Amekunja blanketi lake likawa dogo kabisa, kama mtu asiyetaka kuchukua nafasi.

Namsemesha Kinyakyusa, hakumbuki hata neno. Nilipomwacha alikuwa hajui lugha nyingine.

Alhamisi, 19 Julai.

Nimekwenda naye dukani. Mke wa Bwana Kanji amempa kiti na vifungo vya kupanga kwa rangi. Ni mama mnene, mwenye maneno, Kiswahili chake kimekatwakatwa. Nilikuwa nashona pindo chumba cha nyuma. Nikamsikia Bupe anaongea. Sauti yake yenyewe, ile ya njiani kuteka maji. Anamwambia Mama Kanji kuhusu Kalenga, kuhusu bibi, kuhusu magari ya Sao Hill. Mama Kanji anasema he! he! na kuuliza upuuzi tu: lori lina honi? honi inaliaje?

Bupe akaliza honi kwa mdomo.

Niliacha cherehani isimame. Nilimsikiliza mtoto wangu kupitia ukuta. Nilipotoka, alinyamaza.

Namwonea wivu mke wa Mhindi kwa sababu ya sauti ya honi. Hapo ndipo nilipofikia.

Jumapili, 22 Julai.

Nilikasirika leo. Nilimwambia nimechoka na ndiyo na hapana zake, nimetoka kaburini kwa ajili yake, na yeye ananifanya kama mpangishaji. Akasikiliza amesimama wima, mikono nyuma. Akasema, "Nisamehe, mama mkubwa."

Nikatoka nje. Nikalia nyuma ya choo, mahali pasipo na mtu. Nikarudi nikampa kiazi cha kuchoma. Akakipokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 25 Julai.

Amekonda. Shingo imekuwa ndefu zaidi. Usiku hulala ameshika ile kanga. Mchana, nikimtuma sokoni, anachelewa. Anarudi na chumvi na vumbi miguuni. Simwulizi.

Ijumaa, 27 Julai.

Nimejua anapochelewa. Mama mmoja wa Kisafwa, muuza viazi pale yanaposimama mabasi, alinisimamisha. "Yule binti wako, kila basi likiingia anauliza kama limetoka Iringa. Akiambiwa ndiyo, anatazama watu wote wakishuka. Wakiisha, anaondoka." Akaongeza kwa upole kuwa hasumbui mtu.

Jumapili, 29 Julai.

Leo nilimfuata. Alikuwa amekaa juu ya gogo upande wa pili wa barabara, chumvi mapajani. Nikakaa pembeni, si karibu sana. Nikasema, sikuulizi kitu. Nimekuja kukaa.

Tukakaa. Baridi ilikuwa inapenya mpaka kwenye mbavu zangu zile mbovu. Basi lilikuja, halikutoka Iringa. Sikuwa na ujanja wowote. Sikuwa na kokoto, wala kisa cha pipa. Sikuwa navizia kitu. Nilichoka.

Ndipo akaanza, macho yapo barabarani.

"Baba akienda Kalenga, Mama analala peke yake. Anaogopa. Huwa nalala naye mimi."

Nikasema najua, tangu mdogo Lugano anaogopa giza, nilikuwa nalala naye mimi.

Akageuka kunitazama. Nadhani hakuwahi kufikiri kuwa Lugano alikuwa mtoto, na kwamba alikuwa mtoto wangu kidogo.

Kisha akasema, "Mimi sikuchukii. Ila sijui nikuongeleshe vipi."

Nikasema na mimi sijui.

Akalia hapo. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mkeka. Alilia amejiinamia, mimi nikimshika mgongo kwa kiganja, na mgongo ule ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Hakuniegemea. Hakusogea.

Alhamisi, 2 Agosti.

Nimeamua. Sijamwambia mtu, naandika kwanza nione kama mkono utakataa.

Haukatai.

Mtoto anayelia kwa sababu mtu mwingine analala peke yake, huyo amelelewa vizuri. Huruma ile haikutoka tumboni mwangu. Ni kazi ya Lugano, ya miaka saba. Nikimshikilia hapa nitakuwa na adabu yake, na goti lake, na blanketi lake lililokunjwa. Yeye mwenyewe atakuwa pale juu ya gogo.

Mjomba atakasirika. Atasema mwanamke gani anagawa mtoto. Aseme. Hakuwa hospitali na hakuwa kwenye gogo.

Kesho nampa dereva wa basi la Iringa ujumbe kwa Yakobo.

Jumamosi, 4 Agosti.

Nimemwambia Bupe. Nilimwambia moja kwa moja, tukiwa tumesimama, maana nimejifunza kuwa kwenye mkeka mambo huwa mabaya. Baba Yakobo anakuja kukuchukua. Utasoma Iringa. Si kwa kuwa umekosa. Mimi nitakuja kuwatembelea.

Akauliza, "Umekasirika?"

Hapana.

"Utabaki na nani?"

Nikasema nina kazi, nina Mama Kanji, nina ibada. Alinitazama kama anavyomtazama bibi wa Kalenga akitafuta jinsi ya kumtafsiri.

Jioni alikula akamaliza sahani. Niliiosha mwenyewe. Nilifurahi amekula na nilitaka kuivunja ile sahani.

Jumatano, 8 Agosti.

Yakobo amefika. Bupe alimrukia hata mzigo ukamtoka mkononi. Mimi nilitazama kuni.

Tulikula pamoja. Yakobo hakusema mengi. Aliposimama kwenda kulala kwa jamaa yake alisema, "Shemeji, Lugano alipopata ujumbe alipiga magoti. Si kwa furaha tu. Alisema, dada ataishije?"  Swali zuri, nalo halina jibu la kusemwa mlangoni.

Ijumaa, 10 Agosti.

Wameondoka.

Ukungu ulikuwa mzito, taa za basi ziliwaka asubuhi. Yakobo alifunga boksi juu. Bupe alipanda, akapata dirisha. Mimi nilisimama chini. Nilikuwa nimejiambia sitasema kitu, maana kila nikisema naharibu. Injini ikawaka.

Akasukuma kioo. Kikakwama. Akakisukuma kwa mikono yote miwili mpaka kikashuka, akatoa kichwa.

"Msimu ujao wa mahindi utakuja? Bibi ataniuliza kama wewe bado mwembamba."

Nikasema nitakuja.

"Uje kabla hatujamaliza kupukuchua. Ukija tumeshamaliza utakaa tu, utachoka."

Nikasema sawa.

"Na kule kwa Mama Kanji, vifungo vyeusi nimeviweka kwenye kopo la chini, usivitafute juu."

Basi likaanza kuondoka na yeye bado anaongea, kitu kuhusu barabara ya Chimala, sikukishika kwa sababu ya sikio langu. Aliendelea kusema mpaka mdomo wake sikuuona tena.

Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua. Katika maneno yale yote hakuniita kitu. Si mama. Si mama mkubwa. Aliongea tu, kama mtu anavyoongea na mtu.

Nimelala kitandani na viatu.

Jumapili, 19 Agosti.

Kanisani walihubiri kirefu. Sikusikiliza sana.

Baada ya chakula nilianika blanketi zote mbili ukutani. Jua lilitoka kidogo, la Agosti, halina nguvu. Mke wa jirani alileta moto, tukaongea bei ya viazi. Watoto wake walikuwa wanakimbizana uani, mmoja akanigonga, akaomba radhi, nikasema haidhuru.

Kesho sare za shule zinaanza kushonwa, kazi itakuwa nyingi. Nimepaka cherehani mafuta. Nimechemsha chai. Kifua hakiniumi leo.